Kesho iliyoharibika, kwa tiketi ya shilingi 15,000

Mwaka 1982 Stephen King alichapisha riwaya ya The Running Man kwa jina la bandia la Richard Bachman, na hadithi yenyewe akaipeleka mbele hadi mwaka 2025. Mwaka huo ukafika kweli, na ilipofika Novemba, Edgar Wright akaitoa upya kama sinema. Ben Richards hana kazi, binti yake mdogo anaumwa, dawa ipo ila fedha hakuna. Mlango pekee ulioachwa wazi ni wa kituo cha televisheni kinachowalipa watu wakubali kuwindwa huku nchi nzima ikitazama. Akimaliza siku 30 akiwa hai, anakuwa tajiri. Yeyote atakayemwona njiani anaweza kumchongea na akalipwa kwa kumchongea.

Niliitazama hapa Dar es Salaam na mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesubiri kuingia chuo. Tiketi ya Jumamosi ni kama shilingi 15,000 kwa mtu. Weka bisi, weka maji na soda, weka bajaji ya kwenda na kurudi, na jioni moja ya watu wawili inapita shilingi 50,000 bila mtu kushiba. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ugawe mshahara huo kwa siku 26 za kazi, mtumishi huyo anapata shilingi 19,000 na ushee kwa siku. Jioni ile ilikula siku mbili na nusu za jasho lake. Na hapo tunamzungumzia mwenye ajira ya serikali, mwenye bima ya afya. Hatujamfikia kijana anayeosha magari Mwenge wala mama anayekaanga mihogo Buguruni.

Tulipokuwa tunashuka ngazi, mpwa wangu akasema, "Mjomba, umewaangalia watu wa mle ndani? Hakuna hata mmoja ambaye angeenda kujiandikisha kuwindwa."

Maneno yake yamenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu ni kweli. Sinema inamhusu mzazi ambaye mtoto akipata homa anaanza kuhesabu cha kuuza, na sisi tuliokaa gizani tukimwonea huruma ni watu ambao mtoto akipata homa tunatafuta kadi ya bima. Distopia, yaani hadithi za kesho iliyoharibika, zinatungwa juu ya walalahoi na zinaonyeshwa mahali ambapo mlalahoi hafiki. Mimi naona sinema yenyewe inapungukiwa kwa hilo. Inakosa watu ambao wangeweza kuinuka kitini na kusema "hapa mmekosea" au "hivi ndivyo ilivyo".

Siwalaumu wenye kumbi. Sehemu kubwa ya bei ya tiketi, mara nyingi nusu au zaidi katika wiki za mwanzo, inarudi kwa msambazaji wa filamu. Mashine ya kuonyeshea inanunuliwa kwa dola, taa yake inanunuliwa kwa dola, viyoyozi vinakula umeme mchana kutwa hata ukumbi ukiwa na watu sita, na kodi ya pango ndani ya jengo la maduka hailingani na kodi ya fremu ya Kariakoo. Kinachobaki mkononi mwa mwenye ukumbi ni bisi na soda. Ndiyo maana bisi zina bei ile, na ndiyo maana unakatazwa kuingia na karanga zako.

Lakini haikuwa hivi siku zote. Katikati ya jiji hili kulikuwa na Empire, Avalon, Empress, Cameo, New Chox, Odeon. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In pale Msasani, familia inajipakia kwenye gari moja na vyombo vya wali, watoto wanakaa juu ya boneti. Leo pale ni ubalozi wa Marekani. Unguja walikuwa na Majestic, iliyoungua ikajengwa tena mwaka 1955. Wazazi wetu wanaijua Awaara ya Raj Kapoor kwa moyo, nyimbo zake wanaziimba bila kujua Kihindi, kwa sababu mpagazi wa bandarini na karani wa benki wote walikuwa wameitazama, mmoja kwenye viti vya mbele vya bei nafuu na mwenzake ghorofani. Hicho ndicho ninachokililia. Jumatatu asubuhi mji mzima ulikuwa na kitu kimoja cha kujadili. Kisha zikaja kanda za video, ikaja televisheni (Bara tuliipata 1994, Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini), na kumbi zikafa moja baada ya nyingine.

Zilipokufa, watu hawakuacha kutazama. Walihamia kwenye vibanda umiza. Turubai, mabenchi, televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa kwenye kimia cha chuma, na kiingilio cha sarafu. Humo ndimo sauti ya Lufufu ilimofikia kila mtu. Derek Mukandala, Lufufu mwenyewe, alikuwa anaisimulia filamu ya Kimarekani au ya Kichina kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili, anawapa wahusika majina tunayoyajua, anaeleza desturi za huko, anatoa onyo. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake, na kazi ni ileile. Wapo wasomi wa filamu wanaoiona kama uharibifu. Mimi nasema hakuna mtu aliyelichukulia soko la watazamaji masikini kwa uzito kuliko hawa. Waliamini kwamba mtu asiyejua Kiingereza naye anastahili kuielewa hadithi yote, hadi chuki ya adui na sababu yake.

Na watazamaji wa kibandani walikuwa na sheria yao: steringi hafi. Ukimuua steringi, benchi zima linanung'unika, kuna wanaodai warudishiwe hela. Nalikumbuka hilo kwa sababu ya jinsi The Running Man mpya inavyoisha, na kama hujaiona ruka aya hii. Kwenye kitabu, Richards yuko hoi, ana jeraha la tumbo, hana tena familia ya kurudia, na anaiendesha ndege hadi kwenye jengo la kituo kile. Kinafungwa hapo. Kwenye sinema yuko hai, umma umeamka, mkubwa wa televisheni analipwa stahili yake. Mpwa wangu aliufurahia mwisho huo, akaniambia, "Mjomba, tungelipa hela yote ile tuje kulia?" Namwelewa. Lakini mimi nabaki na kitabu. Mwisho wa sinema unamtuma mtazamaji nyumbani akiwa ametua mzigo, kana kwamba kazi imeshafanywa na mtu mwingine. Kitabu hakimpi mahali pa kuutua. Glen Powell ameigiza kwa nguvu, mbio zake zinaaminika, Colman Domingo kama mshereheshaji anatisha kwa tabasamu tu. Hayo yote ni mazuri, ila hayaokoi zile dakika kumi za mwisho.

The Long Walk ndiyo iliyoniumiza kweli mwaka ule. Nayo ni ya King, kitabu kilitoka 1979, na Francis Lawrence aliyeongoza filamu kadhaa za The Hunger Games ndiye aliyeiongoza. Wavulana 50 (kwenye kitabu ni 100) wanatembea barabarani. Mwendo ni maili tatu kwa saa, kama kilomita 4.8, mwendo wa mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Ukipungua unaonywa. Onyo la tatu likishapita, unapigwa risasi palepale, na wenzako wanaendelea. Anayebaki mwisho anapata fedha na chochote anachokitaka. Hakuna ukuta, hakuna zimwi, hakuna magari yanayopaa. Ni barabara, viatu, na vijana wanaozungumza. David Jonsson na Cooper Hoffman wanazungumza kwa namna inayokufanya utamani barabara isifike mwisho, maana unajua mwisho una nini.

Kilichonichoma ni kwamba kila mvulana alijiandikisha mwenyewe. Serikali ile inajitetea kwa hoja hiyohiyo: hakuna aliyelazimishwa. Ni hoja tunayoijua vizuri katika nchi hizi. Wasichana wanaondoka Tanzania, Kenya na Uganda kwenda kufanya kazi za ndani Omani na Saudia, na mmoja anapopokonywa pasipoti, akafungiwa ndani, akatuma sauti ya kuomba msaada, hukosi kusikia mtu akisema, "Si alienda kwa hiari yake?" Hiari ya mtu ambaye shamba la baba limeuzwa na wadogo zake hawana ada ina upana gani? The Long Walk inaliuliza swali hilo kwa saa moja na zaidi bila kulitamka, na ningetoa mengi ili liulizwe mbele ya watu wa Temeke badala ya watu wa kule nilikolitazamia.

Mickey 17 ya Bong Joon-ho, nayo ya 2025, inaanzia mahali hapohapo kwa sauti ya kuchekesha zaidi. Mickey na rafiki yake wamekopa kuanzisha biashara, biashara imekufa, na mdai wao ni mtu anayewakata wadeni vipande. Mickey anakimbilia sayari nyingine na kusaini mkataba asiousoma: kazi yake ni kufa. Akifa wanachapisha mwili mwingine, wanamrudishia kumbukumbu, anatumwa tena. Robert Pattinson anaubeba upole wa mtu aliyezoea kuonewa kiasi kwamba unataka kumshika mkono umtoe kwenye skrini. Sinema inapotea njia katikati, ina wanyama wengi na hotuba nyingi, lakini lile la mkopo halihitaji mfasiri hapa kwetu. Tuna mikopo ya kausha damu. Tuna programu za simu zinazokukopesha kwa dakika tano na ukichelewa zinawatumia ujumbe wa kukudhalilisha watu wote walio kwenye simu yako, mpaka mchungaji wako na mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mwambie mama lishe aliyepita humo kwamba kuna picha ya kijana aliyeuza kifo chake kulipa deni, uone kama atakuuliza ni picha ya aina gani. Atakuuliza inaonyeshwa wapi.

Kwamba ni nani ameketi mbele ya skrini ni jambo kubwa, wenye nguvu wanalijua vizuri kuliko sisi watazamaji. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand, waandamanaji walianza kuinua vidole vitatu, ishara waliyoichukua kutoka filamu za The Hunger Games, ambamo wanyonge huiinua dhidi ya watawala wao. Novemba mwaka huo, filamu nyingine ya mfululizo huo ilipofika Bangkok, kikundi cha wanafunzi kilipanga kugawa tiketi bure. Kumbi zilizohusika zikafuta maonyesho, na wanafunzi waliojitokeza na ishara ile wakakamatwa. Filamu yenyewe haikupigwa marufuku. Wenye hela zao waliendelea kuitazama kwingine. Kilichoogopesha ni tiketi ya bure na watu waliokuja pamoja. Mwaka 2021 ishara ileile ikavuka mpaka hadi Myanmar.

Sasa nije kwa yale yaliyotengenezwa karibu nasi, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba distopia ni mambo ya Wazungu.

Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009. Ni dakika 21 tu. Vita vya maji vimepita, juu ya ardhi hakuna kinachoota, watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa. Kila mmoja anapewa maji kwa kipimo, mkojo na jasho vinasafishwa vinyweke tena, umeme unatoka kwenye miguu ya watu wanaokanyaga mashine, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha anafanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Analetewa udongo usio na jina la mtumaji, anaunusa, anapanda mbegu, mbegu inaota. Wakubwa hawataki kusikia. Anatoka nje na mche wake, na huko jangwani anaunywesha maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake.

Nimeionyesha filamu hii sebuleni kwetu kwa watoto wa mtaani, na wakubwa wakajisogeza mlangoni. Hakuna aliyeuliza maswali ya sayansi. Mwaka 2022, Oktoba, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, kila aliyekuwa pale alibeba madumu usiku. Kwa hiyo Asha alipojikinga jasho kwenye kichupa, bibi mmoja jirani yetu alisema, "Mwanangu, usilimwage hilo," kwa sauti ya mtu anayemwonya mjukuu wake. Sijawahi kusikia sauti ya namna hiyo kwenye ukumbi wa shilingi 15,000. Huko watu wanatazama Pumzi, kama ikionyeshwa, na kusifu rangi zake.

Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya mwaka 2021, ni ngumu zaidi na sitaki kudanganya kwamba inaeleweka kwa mara moja. Ilipigwa Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na wahusika wanaruka kutoka Kirundi hadi Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza ndani ya mazungumzo mamoja, jinsi watu wa Bujumbura na Goma wanavyozungumza kweli. Mchimbaji wa koltani, madini yanayoingia kwenye simu na kompyuta, anauawa machimboni kwa sababu amesimama kidogo kulitazama jiwe aliloliokota. Ndugu yake anaondoka, na huko anakokwenda kunajengwa kijiji cha mabaki ya kompyuta, cha watu wanaoingilia mitandao ya dunia. Wanaimba karibu muda wote. Koltani hiyo ni ya kweli: machimbo ya Rubaya, Kivu Kaskazini huko Kongo, yanakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima, na Aprili 2024 yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Sinema za Hollywood huweka kesho mbaya miaka thelathini mbele. Williams na Uzeyman hawakuhitaji kuisogeza mbali, na nguo alizozibuni Cédric Mizero kutokana na waya na vipande vya kompyuta zinakaa mwilini mwa waigizaji kama vazi la nchi halisi.

Kwenye vitabu tuko mbali zaidi kuliko tunavyokiri. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm ya George Orwell, mwaka 1967, na wengi wetu tulimjua Orwell kwa Kiswahili kabla ya kumjua kwa lugha yake. Kezilahabi katika Mzingile anatupeleka kwenye dunia iliyokwisha kuteketea. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka cha 2001, anamtoa babu kaburini amtembeze mjukuu wake K, kigogo aliyeshiba, aione nchi aliyoisaidia kuibomoa. Na kuna Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ambayo nikiulizwa kitabu kimoja tu cha kufanywa sinema nitakitaja hicho. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mtu wa pwani ya Kenya, na utawala wa Moi ulimweka kizuizini mwaka 1986 bila kumfikisha mahakamani. Alipoandika Walenisi akamfunga Dzombo ndani ya chombo cha angani, hukumu ya kifo, kisha akamfikisha kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa na wanamshangaa yeye na mambo ya huko alikotoka. Hapo anaivuka distopia ya kawaida. Nyingi zinakuonyesha shimo tu. Mkangi alikaa kwenye shimo lenyewe, akatoka, akaandika mahali pa kufika.

Kwa hiyo ninachokitaka kinaweza kufanyika mwaka huu. Projekta, shuka jeupe, spika mbili, kiingilio shilingi 1,000, Mbagala au Kawangware au Uvira, haki za maonyesho ziombwe na wenye filamu walipwe chao. Ningeanza na Pumzi kwa kuwa ni fupi na haihitaji maneno mengi. Neptune Frost ingefuata wiki ya pili, na msimulizi mwenye kipaza sauti akae pembeni, wa shule ya Lufufu, aliyeitazama mara kadhaa na kuielewa, awafungulie watu yale mafumbo huku nyimbo zikiendelea. Mpwa wangu ameomba asimamie meza ya tiketi, na amesema bisi atakaanga mwenyewe, mfuko mia tano. Mwenye ukumbi, au hata uwanja wenye umeme wa uhakika, aniandikie hapa chini.